Harufu Ikanisemea

Weka noti yako kwanza, mwanangu. Nambie, nani anaumwa?
Hapa Chikongola meza yangu inajulikana,
kati ya muuza dagaa na fundi cherehani:
chupa ndogo mbele, mbegu nyuma kwenye makopo ya maziwa.
Hii bizari tamu. Ipekeche kidoleni. Nusa.
Mama yangu, kule Newala, aliichemsha chakula kikigoma kushuka,
kijiko kwa kikombe, akachuja kwa kipande cha mtandio,
akanywa taratibu, akabeua, akacheka;
riahi ikatoka kama mgeni aliyekumbuka kwao.
Ukungu wa Juni ukimbana kifua
alijifunika shuka juu ya sufuria, akavuta mvuke.
Hakuwa na chupa. Mafuta haya hakuyajua.

Mafuta yalikuja baadaye, na maandishi nisiyoyasoma.
Nilidhani ni mbegu ileile, imeyeyuka.
Kumbe wamekamua gunia
wakaliingiza humu,
kwenye kitu kinachopotea kiganjani.

Mjukuu wangu Swaumu alikuwa na siku thelathini na mbili.
Alilia tangu magharibi, magoti yamegusa kitovu,
mama yake Somoe anasinzia wima.
Nikasema, mchango huo, niachieni mimi.
Tone moja kwenye ulimi. Nikaliona dogo.
Nikaongeza la pili, kwa huruma.

Hilo la pili siwaambii watu. Nakwambia wewe.

Akanyamaza. Tukashukuru.
Kisha mkono mmoja ukaanza kurukaruka peke yake,
macho yakapanda juu.
Jirani akasema degedege, fukizeni ubani, zibeni dirisha.
Somoe hakungoja ubani.
Alitoka na mtoto kifuani, pikipiki ya Mfaume, hadi Ligula, saa saba usiku,
mimi nyuma kwa miguu, kiatu kimoja.

"Mtoto amepewa nini?"
Daktari aliuliza mara tatu. Kijana, mdogo kwa mwanangu wa mwisho.
Ya kwanza nikajibu: ziwa tu.
Ya pili nikatazama sakafu.
Ya tatu sikuwahi.
Kizibo kilikuwa kimelegea ndani ya pindo la kanga yangu,
na chumba kizima, dettol na yote, kikajaa utamu.
Nesi akageuka. Somoe akageuka.
Harufu ikanisemea.

Nikafungua fundo, nikaiweka chupa mezani.
Hakunifokea. Aliuliza matone mangapi,
nikasema mawili,
na kalamu ikatembea kana kwamba nimetaja umri wangu.
Mpaka alfajiri walihesabu pumzi zake,
nami nikazihesabu nyuma yao, nikikosea, nikianza upya.

Yuko darasa la tatu sasa. Anapiga mluzi kuliko wavulana.
Ila upande huu wa soko hapiti, asema panamchefua.
Na Somoe ni mwema, hunitumia korosho za kubangua,
lakini mtoto akiumwa
mimi huambiwa wakisharudi hospitali.

Haya. Umesema ni mgongo wako.
Basi tone moja kwa kijiko cha mafuta ya ufuta,
uanzie hapa, ndani ya kiwiko, ulale nalo;
pakiwasha nirudishie chupa, nami hela yako.
Machoni lisifike. Kinywani lisifike, hata wakikwambia nini.
Ukiwa na mimba, ya wiki mbili au ya miezi minane, iache hapohapo ilipo.
Na mtoto mchanga simuuzii. Wanasema nafukuza wateja.

Mbona kimya?

Mgongo, umesema.
Lakini blauzi yako imelowa kifuani, pande zote mbili,
na tangu umesimama hapa
unayumba taratibu, kama unabembeleza mtu.

Chukua noti yako, mwanangu.
Hiyo ni nauli. Pikipiki zile pale.